Uliza Ujibiwe: Vifaa vya Darajani, Nguzoni na Mitumbwini

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Mwanza, na karibu zote zinahusu vihisi, yaani vile vifaa vya kupima vinavyofungwa madarajani, kwenye nguzo za taa, hata ndani ya mitumbwi, na taarifa zinazotoka humo. Kwa wasomaji wapya: anayewajibu hapa alikuwa msoma mita za maji kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kazi ya takwimu. Najibu kwa ninavyoelewa na kuamini mimi, si kwa niaba ya ofisi yoyote. Mwenye kesi mahakamani amwone wakili.

Shikamoo mama. Vijana wamefunga kiboksi chini ya daraja letu la Mto Mirongo. Kimetazama maji, chini kina tundu la duara kama spika, juu kina paneli ndogo ya sola. Tulipouliza walisema "ni cha mradi" wakaondoka. Mtaani wanasema kinasikiliza mazungumzo yetu. Ni kweli? Na je, hatukutakiwa kuulizwa kwanza? — Mama wa watoto wanne, Mabatini

Marahaba mwanangu. Kwa jinsi ulivyokieleza, hicho ni cha kupima kina cha mto. Lile tundu kweli ni aina ya spika, ila inatoa mlio mwembamba ambao sikio la binadamu haliusikii. Mlio unashuka, unagonga maji, unarudi, na kifaa kinapima muda uliotumika. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo maji yakiwa mita mbili chini ya kiboksi, mlio unakwenda na kurudi kwa sehemu 12 hivi kati ya elfu moja za sekunde. Mto ukijaa, muda unapungua. Ndani yake huwa pia na kipimajoto, maana sauti hukimbia zaidi hewa ikiwa na joto na hesabu ingepotoka, pamoja na laini ya simu ya kutuma namba hizo. Hakina haja ya maikrofoni ya kurekodi maneno. Lakini mwanangu, mimi sikukiona kwa macho yangu, na wewe hupaswi kuridhika na neno langu. Aliyekifunga ndiye mwenye wajibu wa kukufungulia na kukuonyesha.

Swali lako la pili ndilo zito. Kifaa kisichokusanya habari za mtu yeyote hakiguswi moja kwa moja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa sababu kina cha maji si habari yako wala ya mwanao. Hapo ndipo wenye miradi wengi wanapopatia kisingizio. Wanasema sheria haiwalazimishi, basi wanapita juu kwa juu, wanafunga, wanaondoka. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Daraja ni la mtaa. Wanaolala na hofu mvua ikinyesha ni ninyi. Anayekuja kufunga kitu chochote hapo apite kwa mwenyekiti wa mtaa, aje mkutanoni, asimame mbele za watu aeleze, ajibu maswali yote, hata lile la kama kinasikiliza.

Amsterdam wana utaratibu ninaoupenda. Tangu mwishoni mwa 2021, anayeweka kihisi mahali pa umma katika jiji hilo anatakiwa kukisajili, na mkazi anaweza kufungua ramani akaona kilipo, kinapima nini na ni cha nani. Sisi hatuhitaji kusubiri ramani ya mtandaoni. Kibao cha bati chenye mistari michache ya Kiswahili kinatosha: kifaa hiki kinapima kina cha maji, hakirekodi sauti wala picha, mwenyewe ni fulani, piga simu namba hii.

Kisha waulizeni namba zikishatumwa zinafika kwa nani, na huyo mtu saa nane usiku anafanya nini. Nimeona vifaa vizuri mno vinavyotuma namba kila baada ya dakika chache kwenye kompyuta ya ofisi iliyofungwa tangu saa tisa na nusu alasiri. Maji yanaingia chini ya vitanda, na kwenye kioo huko kuna mchoro mzuri unaopanda ambao hakuna anayeutazama. Kama wanataka kutumia daraja lenu, masharti yawe kwamba kina kikifikia kiwango mlichokubaliana, ujumbe wa simu uje kwa mwenyekiti, kwa mabalozi wa nyumba kumi na kwa watu kadhaa mtakaowachagua wenyewe, wasiozima simu usiku. Na wapake rangi kwenye nguzo ya daraja, kijani chini, njano katikati, nyekundu juu, ili hata mtoto asiye na simu ajue mto umefika wapi.

Jirani yangu hapa Kirumba ameweka kamera ya ulinzi. Inaangalia geti lake, lakini pia inaona mlango wangu na uwanja ninapoanikia nguo. Hivi karibuni aliweka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa video ya kijana akipita akamwita mwizi. Nifanyeje? — Msomaji, Kirumba

Anza kwa mazungumzo, na uende na mtu mzima mmoja mnayemheshimu wote. Mara nyingi kamera ikigeuzwa kidogo tu jambo limekwisha, na kamera nyingi zina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa weusi ili isirekodi mlango wa mtu. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa kwa ile sheria ya 2022 na inayopokea malalamiko.

La video ni baya zaidi na halisubiri kikao. Tunajua sote neno "mwizi" linaweza kumfanya nini kijana katika miji yetu. Picha ya mtu anayeshukiwa inapelekwa polisi. Kundi la mtaa si mahali pake. Mwombe aifute leo, na wewe usiisambaze hata kwa nia ya kuonyesha ubaya wake.

Nakausha sangara kwa moshi karibu na mwalo wa Kirumba, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Kijana mmoja alinionyesha kwenye simu ramani ya hewa, ina duara jekundu juu ya eneo letu. Baada ya siku chache wakaja watu kuuliza nani anawasha kuni. Hizo namba ni za kweli? Maana mimi nasomesha watoto kwa samaki hao. — Mama wa samaki

Pole sana dada yangu. Ninakujibu mambo mawili ambayo unaweza kuona yanapingana, lakini yote mawili yanakuhusu.

Kwanza, moshi unakuumiza. Vihisi hivi vinatafuta chembe ndogo sana, zenye upana wa mikroni 2.5 au pungufu, nyembamba mara nyingi kuliko unywele. Zinapita puani, zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2021 likasema wastani wa siku nzima usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na wastani wa mwaka usizidi 5. Anayeinama juu ya moto wa kuni anavuta nyingi mno kuliko hizo. Kwa hiyo sitakuambia ramani inakuonea na kwamba uendelee tu.

Pili, duara lile linaweza kuwa limekosea sana. Kihisi cha bei nafuu hakipimi uzito wa vumbi. Kinarusha mwanga wa leza ndani ya kijichumba kidogo na kuhesabu jinsi mwanga unavyotawanyika ukigonga chembe. Sasa fikiria alfajiri ya mwaloni, unyevu wa ziwa umetanda, hewa imejaa vitone vya maji. Kifaa hakijui tofauti ya kitone cha maji na chembe ya moshi, kinahesabu vyote, na namba inapanda hata kama matanuri yote yamelala. Ndiyo maana wanaojali kazi yao huweka kifaa chao bega kwa bega na kipimo rasmi kwa kipindi, wakatafuta kimekosea kiasi gani kwenye unyevu na joto la mahali hapo, kisha wakasahihisha. Ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza 2015 umefanya kazi hiyo, wamefunga vihisi vyao kwenye majengo na hata kwenye bodaboda, na kusahihisha namba ni sehemu kubwa ya kazi yao. Kwa hiyo yeyote atakayekujia na ramani, mwulize: mlilinganisha kifaa chenu na kipi, wapi, msimu gani? Akikosa jibu, hana namba ya kukutolea jasho.

Halafu kuna la haki, na hapa nakasirika kidogo. Kihisi cha aina hii hakiwezi kusema moshi umetoka kwa nani. Hapo mwaloni kuna matanuri, kuna malori ya kayabo (samaki wa chumvi) na dagaa yanayonguruma, kuna takataka zinazochomwa, kuna majiko ya mama lishe. Lakini mtu akifunga kifaa mita chache kutoka tanuri lako, kisha akachapisha mahali penyewe kwa usahihi wa nukta, amekutaja bila kuandika jina lako. Taarifa za hewa ziwe wazi, naliamini hilo kwa moyo wote, kwa sababu hewa ni ya kila mtu. Ila zichapishwe kwa eneo, kwa wastani wa siku, na zisitumike kumtoza mtu faini. Anayetaka kumshtaki mtu kwa moshi alete vipimo rasmi na mtaalamu wa kuvitetea.

Ninyi wakaushaji muungane muende na ramani hiyo hiyo halmashauri. Lipo tanuri la FAO-Thiaroye (FAO ni Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), lilibuniwa Senegal kwa ajili ya wanawake wanaofanya kazi kama yako, linapunguza moshi na kuni na kutoa samaki safi zaidi. Hiyo ndiyo safari ninayotaka namba zifanye. Zikionyesha moshi umezidi, ije msaada wa matanuri.

Mimi ni katibu wa kikundi cha usimamizi wa mwalo huku Ilemela. Mradi mmoja uliwapa wavuvi wa dagaa vifaa vya GPS, vinavyoonyesha chombo kilipo, kwa ajili ya usalama. Sasa wanataka kuweka ramani za safari zote mtandaoni kama data huria, yaani wazi kwa yeyote, wanasema majina yataondolewa. Baadhi ya matajiri, yaani wenye mitumbwi, wamekubali. Mabaharia wananung'unika. Ushauri? — Katibu

Ndugu Katibu, umefanya vyema kuuliza kabla, maana ramani ikishatoka hairudi. Kuondoa majina hakutoshi.

Nilipokuwa nasoma mita, kwenye daftari langu hakukuwa na jina la mtu. Kulikuwa na namba ya mita, tarehe na uniti. Hata hivyo nilijua nyumba ipi imepata wageni, ipi wamesafiri, ipi mpangaji wa uani amehama, kwa sababu uniti zilipanda au kushuka. Sifuri miezi miwili mfululizo maana yake hakuna anayelala humo. Mtu mwenye nia mbaya angelipia fedha nyingi kuliona daftari lile, na yalikuwa ni maji tu.

Safari zinaeleza zaidi ya maji. Mwaka 2014 jiji la New York lilitoa takwimu za safari milioni 173 za teksi za mwaka uliotangulia. Namba za magari na za leseni za madereva zilikuwa zimefichwa kwa kuvurugwa kwa hesabu ya kompyuta. Lakini namba hizo ni fupi na zina mpangilio unaojulikana, kwa hiyo mtaalamu mmoja alipitisha kila namba inayowezekana kwenye hesabu ile ile, na kwa muda wa kama saa mbili akazifumbua zote. Mwingine akachukua picha za magazeti za watu mashuhuri wakipanda teksi, akalinganisha saa na mahali, akajua walishuka wapi na walilipa kiasi gani. Na hata kama namba zisingekuwepo kabisa, utafiti wa mwaka 2013 uliofanywa kwa taarifa za simu za watu milioni moja na nusu ulionyesha kwamba ukijua mara nne tu mtu alikuwa wapi na wakati gani, unaweza kumtofautisha na wengine katika asilimia 95 ya kesi.

Leta hayo mwaloni kwako. Mtumbwi unaotoka jioni ufuko fulani na kurudi asubuhi ufuko huo huo, nani hapo kijijini hajui ni wa nani? Wezi wa injini na nyavu watajua mitumbwi inatega wapi, inakaa peke yake saa ngapi, na usiku upi iko mbali na wenzake. Wenye makokoro, zile nyavu haramu za kukokota, watasoma ramani hiyo wakajua samaki wako wapi, pamoja na yale maeneo ya mazalia mnayohangaika kuyalinda kwa doria. Mvuvi aliyerithi maarifa ya maji yale kutoka kwa baba yake ataona yametolewa bure kwa yeyote mwenye simu. Taarifa hiyo ina thamani, na aliyeizalisha ni yeye aliyekesha.

Manung'uniko ya mabaharia nayo yana sababu, hata kama hawajaisema wazi. Kifaa kilitolewa ili chombo kikizimika au kikipigwa na dhoruba kitafutwe. Sasa tajiri anakifungua kwenye simu yake kuona kama vijana walisimama katikati ya ziwa, akishuku wameuza samaki kwa mtumbwi mwingine. Inawezekana shaka yake ni ya haki. Lakini hiyo ni kazi nyingine kabisa, na sheria yetu inasema taarifa binafsi zikusanywe kwa madhumuni yaliyo wazi na mhusika aelezwe. Tajiri akitaka kusimamia kazi kwa kifaa hicho, akae na mabaharia wake wakubaliane hadharani kabla ya chombo kushuka majini. Kibali cha tajiri peke yake hakitoshi kwa miili iliyomo chomboni.

Je, kila kitu kifichwe? Hapana, na hapa nakuomba usije ukageuza jibu langu kuwa kufuli. Ramani ya jumla inaweza kusaidia sana utabiri wa hali ya hewa wa ziwa na waokoaji. Waambieni wagawe ziwa kwa miraba mikubwa, tuseme ya kilomita tano kwa tano, waonyeshe idadi ya mitumbwi kwa mwezi na si kwa usiku, waache tupu, bila namba, kila mraba wenye mitumbwi chini ya kumi, waondoe kabisa maeneo ya mazalia, na wachapishe msimu ukishapita. Safari zenyewe, nukta kwa nukta, zifunguliwe tu pale chombo kinapotafutwa, na iandikwe nani aliyefungua na lini. Zikiisha kazi zifutwe. Mradi ukikataa masharti haya, ng'oeni vifaa vyao muwarudishie, mtafute wengine. Usalama wa baharia usiwe chambo cha kupatia data.

Kampuni imekuja na pendekezo la kutubadilishia taa za barabarani bila gharama, taa mpya ziwe na vifaa vya kuhesabu magari na watembea kwa miguu. Wao watabaki na data. Wenzangu barazani wamefurahi. Niulize nini? — Diwani, Mwanza

Mheshimiwa, ningeanza kwa kuwasimulia wenzako ya San Diego, Marekani. Desemba 2016 baraza la jiji lile liliidhinisha taa za kisasa, likielezwa kwamba zitapunguza gharama za umeme na kuhesabu magari. Zikafungwa zaidi ya 3,000. Ndani yake kulikuwa na kamera, na kuanzia 2018 polisi wakawa wanazitumia kwenye upelelezi bila wakazi wengi kujua. Ilipojulikana, watu walichachamaa, na Septemba 2020 meya akaamuru kamera zizimwe. Mwaka 2022 wakapitisha sheria kwamba kifaa chochote cha kufuatilia watu kijadiliwe hadharani kwanza. Sisemi polisi hawapaswi kupata ushahidi. Nasema madiwani wale walipigia kura taa, wakapata kamera, kwa sababu swali la kifaa kinaweza kufanya nini halikuulizwa vya kutosha.

Kwa hiyo uliza kwanza uwezo, siyo matumizi. Kina kamera? Kina maikrofoni? Kinasoma namba za simu zinazopita? Mwaka 2013 katikati ya London mapipa ya taka yenye matangazo yaligundulika yanarekodi alama za utambulisho za simu za wapita njia, mpaka mamlaka ya eneo hilo ikaagiza yaache. Pipa la taka, Mheshimiwa. Kama wanahesabu kwa kamera, sharti liwe kwamba picha ichambuliwe ndani ya kifaa chenyewe, ifutwe papo hapo, na kinachotoka iwe namba tu. Inawezekana, maana Chicago walipoanza kufunga vihisi vya mradi wao wa Array of Things mwaka 2016 walifanya hivyo kwa sehemu kubwa ya picha, na sera yao ya faragha waliitoa kwa wakazi waijadili kabla.

Kisha njoo kwenye hilo la "wao watabaki na data". Hapo usilegeze. Hesabu ya magari ya Barabara ya Kenyatta ni mali ya watu wanaopita Barabara ya Kenyatta. Halmashauri ikiachia, mwaka ujao itanunua kwa fedha za wananchi namba zilizotokana na wananchi hao hao, ili ijue tu iweke wapi kivuko cha wanafunzi. Mkataba useme data ni ya halmashauri, inachapishwa bure kwa wote katika mfumo ambao mtu wa kawaida anaweza kuufungua, na kampuni ikitaka kuitumia iitumie kama mtu mwingine yeyote. Useme matumizi mapya yoyote yarudi barazani. Useme mkataba ukivunjika vifaa vinang'olewa na kumbukumbu zinafutwa, kwa gharama ya nani. Na mkataba wenyewe ubandikwe ubaoni. Neno "bila gharama" likatwe kabisa kwenye karatasi hiyo, liandikwe wanacholipwa.

Kuhusu sheria ndogo, njia unaijua kuliko mimi: baraza linaandaa, wananchi wanatangaziwa watoe maoni, Waziri mwenye dhamana na serikali za mitaa anaridhia, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Ombi langu moja. Jiji na Manispaa ya Ilemela muandae kwa pamoja. Daladala inayotoka mjini kwenda Kirumba inavuka mpaka wenu abiria akiwa bado anahesabu chenji yake, na haifai faragha yake ibadilike njiani.

Sisi ni vijana wa Igoma tunaojifunza programu za kompyuta. Tunataka takwimu za mvua na za mito ya hapa mjini. Tuombe vipi? Na tukifunga kifaa chetu tukachapisha namba zetu, hatutashtakiwa? — Vijana wa Igoma

Wanangu, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaandika maombi kwa taasisi yenye taarifa, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Msiandike "tunaomba data zote". Andikeni mnataka mvua ya kila siku, kituo gani, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, na kwa mfumo wa jedwali la kompyuta, siyo picha ya karatasi. Bakini na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Katika kusoma mita nilijifunza kwamba barua yenye muhuri hujibiwa, isiyo na muhuri hupotea.

Kuhusu kushtakiwa, hofu yenu ina historia. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliwatia watu wengi woga wa kuchapisha namba, kisha marekebisho ya 2019 yakalegeza. Namba zenu msiziite takwimu rasmi, maana hizo zina mamlaka yake. Ziiteni vipimo vya vijana wa Igoma, na juu ya kila jedwali andikeni kifaa gani, kimefungwa wapi, urefu gani kutoka ardhini, nani anakikagua. Mkifunga kwenye ukuta wa mtu, mwombeni, na mwonyesheni kinachotoka. Siku ambazo kifaa kilizimika msizijaze kwa kukadiria. Acheni nafasi tupu na mwandike pembeni kilizimika kwa nini.